Muzigo Nilioubeba Mugongoni

Bandugu zangu, musinipigie makofi bado. Musikilize kwanza, halafu mutaamua. Mama kiongozi wa kikundi chetu aliponiambia nisimame hapa niseme vile nilianguka na vile niliinuka, nilimujibu kwamba habari yangu haina uzuri. Akasema, "Sema vile iko." Basi nitaisema vile iko.

Mi natoka upande wa Kilembwe. Tulikimbia vita mara tatu. Mara ya kwanza nilitoka mikono mitupu, hata sufuria sikuchukua, na batoto balilala njaa. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu, tulipofika hapa Baraka, kando ya ziwa, na kupata kanyumba ka kukodi, nikaapa: vita haitanikuta tena sijajipanga. Nikakusanya kila kitu ndani ya kitenge kimoja kikubwa: sufuria mbili, sahani, nguo za batoto, makaratasi ya masomo, Biblia ya bwana yangu. Nikaufunga ule muzigo, nikauweka nyuma ya mulango.

Munacheka, lakini munajua. Kuna mama hapa muzigo wake iko nyuma ya mulango mpaka leo. Sitamutaja.

Kila asubuhi nafungua, natoa sufuria, napika, naosha, nakausha, narudisha, nafunga. Mutoto akitaka shati lazima aniombe. Siku moja binti yangu mukubwa alitoa sahani bila kuniuliza, nikamuchapa. Kwa sahani, bandugu! Mwenye nyumba alitupa kipande cha shamba hapo nyuma, sikulima. Na muhogo sikuloweka. Bamama munajua: muhogo inalala majini siku tatu, ine, halafu kuanika, halafu kutwanga. Mi nilisema, nani iko na siku ine? Nikawa nanunua bunga ya muhogo iliyotwangwa tayari, kidogo kidogo, sokoni, ile yenye muchanga, inakwaruza meno.

Nyumba yetu ikawa kama pahali pa kungojea gari. Bwana yangu, ambaye alikuwa anavuta nyavu na bavuvi kule Lweba, akaanza kukawia kurudi, kwa sababu nyumbani hakuna mutu anayecheka. Batoto balikula bamesimama. Mama mukwe wangu, ambaye tulimuleta juu ya pikipiki akitutukana njia nzima, akaniuliza, "We mama, umenileta hapa kuishi ao kungojea kufa?" Nikamujibu vibaya. Nasema ukweli mbele ya Mungu, nilimujibu vibaya sana.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi. Bwana iko Lweba, batoto bakubwa bako masomoni. Kale kadogo kangu, kasichana, kalikuwa hakajafika miaka miwili, kamelala mukekani. Mama mukwe iko nyuma ya nyumba. Masasi ya bunduki yakalia kule juu ya barabara. Niliruka! Nikashika muzigo, nikautupa mugongoni, nikaukaza na kikwembe hapa kifuani vile kila mama anakaza mutoto. Nikakimbia. Nikasikia uzito mugongoni, moyo ukatulia kidogo, nikasema asanti Mungu, niko na mutoto wangu.

Tulipokaribia ziwa, jirani yangu mumoja, mama wa kutoka Burundi, alikuwa anakimbia pembeni yangu. Yule ameshakimbia mara nyingi kuliko mimi. Akaniangalia, akasema, "Mama, mutoto iko wapi?" Nikamuona kama mujinga. Nikapeleka mukono nyuma ili nimubembeleze mutoto. Nikapapasa. Nikashika sufuria.

Bandugu zangu, nawaambia, nilishika sufuria.

Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Nikafungua kikwembe, muzigo ukaanguka pale pale, nikageuka. Bantu bote banakuja, mimi peke yangu narudi. Mutu mumoja akanishika mukono, nikamuuma. Ndiyo, nilimuuma. Kama iko hapa, anisamehe.

Masasi yalikuwa yamenyamaza. Nilimukuta mama mukwe ameketi ndani, amefunga mulango, mutoto juu ya mapaja yake. Magoti yake hayakimbii, basi alibaki. Akaniangalia, akaangalia na mugongo wangu mutupu. Nilingojea matusi, kwa maana mama huyu ulimi wake munaujua. Akasema tu, "Mubebe. Amekulilia." Heri angenitukana.

Jirani yangu ndiye aliniletea ule muzigo, aliuokota. Nikaufungua mbele yao. Sufuria nikazitundika kwenye misumari, Biblia nikaiweka juu ya meza. Mama mukwe akasema, "Kesho ulete muhogo." Nikaleta. Tukamenya pamoja, jirani akatuazima mutungi, tukaloweka.

Zile siku ine zilinitesa! Siku ya pili mutu akapita akisema kule milimani hali iko mubaya. Mikono ikaniwasha nifunge vitu. Nikaenda nikafinya muhogo ndani ya mutungi, bado mugumu. Nikasema, nitangoja. Nikangoja. Ukalainika, tukaanika, tukatwanga, na siku ile nilisonga bugali nyeupe, na sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, zile samaki ndogo bwana yangu alitoka nazo Lweba. Tukaketi chini sisi bote. Bwana yangu akaomba kuongezewa.

Hapo nikamuambia vile nilimuacha mutoto. Mama yake alikuwa amenifichia, hakusema hata neno moja. Nilimuambia mi mwenyewe, batoto banasikia. Akaweka tonge chini. Nikafikiri sasa ananirudisha kwetu. Akasema, "Hata mimi. Mara ya pili tulipokimbia, nilipita mulango yetu mbio bila kuingia. Nilirudi, lakini nilipita." Nililia, na yeye alilia.

Kisha tukapanga. Binti mukubwa anashika mukono wa mudogo wake. Bwana yangu anabeba mama yake, apende asipende. Mimi nabeba kale kadogo. Vitu vinafuata kama mikono inabaki mitupu. Tangu pale tulikimbia mara moja tena. Tulitoka bote, tukarudi bote. Sufuria moja iliibiwa, iende salama.

Sisemi amani imekuja. Nasema musingoje amani ndipo mukae na batoto benu. Loweka muhogo. Panda mboga ya lengalenga. Uliza mutoto alisoma nini. Hizi siku tunazoziogopa ndizo siku zetu, hatuna zingine.

Asanti kwa jirani yangu. Asanti kwa ninyi mulioketi na mimi wakati nilikuwa siwezi kuongea. Asanti kwa mama mukwe wangu, yule pale anayejifanya amelala.

Na yule mutoto, sasa iko na miaka ine. Iko hapo inje, namusikia akigombana na benzake. Hajui. Nimekata shauri: akikua kidogo nitamuambia mi mwenyewe, mutu asimuambie kwa ubaya. Nitamuambia, nilikuacha. Akitaka kunikasirikia, anikasirikie siku nyingi vile anataka. Sitaondoka.