Siku Ishirini na Nane za Fundi Zege

Benchi la Fundi Viatu lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo wenyewe wameshajua nani akae wapi. Redio, mzee asiyejua kunyamaza, hukaa katikati. Fundi Zege, mwashi, hukaa upande ulioinama. Mchana huo alikuja na bahasha ya picha za mgongo wa mkewe, akaikalia, akapokea kahawa bila kusalimia mtu.

Walimchokonoa mpaka akasema. Hospitali wanajaribu saruji mpya ya mifupa, laini kama dawa ya meno. Inapigwa kwa sindano kwenye pingili ya mgongo iliyobonyea, hakuna kupasuana. Inaganda kwa dakika kumi, halafu mwili unaila kidogo kidogo huku mfupa wenyewe ukiota mahali pake.

— Saruji inayoliwa? — Fundi Viatu aliweka nyundo chini. — Huo ni uji.

Redio akadakia kwamba habari hizo kwake ni za zamani. Karibuni wazee watapigwa sindano wakiwa kwenye foleni, watoke wamenyooka kama vijana. Wafupi wataongezewa pingili mbili. Na maiti nao, nani ajuaye, huenda wakajiendea nyumbani. Fundi Viatu alihofia saruji ikiisha kabla mfupa haujafika: mtu yuko harusini kwa watu, anakunjika. Wakacheka. Fundi Zege alikuwa anatazama viatu vyake.

Alikuwapo mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake kishonwe.

— Samahani, baba. Mgonjwa ameshapigwa hiyo sindano?

— Wamemkataa. Wanataka mvunjiko usiozidi wiki tatu. Wake umeshaunga, tena umeunga vibaya.

— Pole sana. Sasa kwa nini hamkumpeleka siku ile ile?

Redio akazama kwenye kikombe chake. Fundi Viatu akaanza kutafuta uzi aliokuwa ameushika. Maana siku mkewe alipoteleza na ndoo, Fundi Zege alikuja hapa hapa, akasema zege bichi halisumbuliwi, linaachwa siku ishirini na nane likomae, na mgongo ni vivyo hivyo. Wakamsifu kwa akili. Redio alibeba ubao wa kumlaza, Fundi Viatu akakata mikanda ya kumfungia. Leo asubuhi siku zilitimia, wakafungua mikanda, na mama wa watu akashindwa hata kukaa.

Mgeni alikuwa bado anangoja jibu.

— Tukiwa njiani kurudi kutoka hospitali, — Fundi Zege alisema taratibu, — aliniuliza. Wala hakuwa na hasira. Alinishika mkono tu, akaniuliza, “Baba watoto, tuongeze siku ngapi?”

Hakuna aliyethubutu kumuuliza alijibu nini. Mama mgeni alipewa kiatu chake, akakivaa, kisha badala ya kuondoka akakaa nao benchini.