Mwalimu Delfina Calizaya na Roboti Zilizokunywa Bia

Tarehe 5 Desemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha katika shule yetu hapa Oruro, Bolivia, Mwalimu Delfina Calizaya Huarachi anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Wenceslao Ticona, mwalimu wa bendi, niandike maneno machache. Machache siyawezi. Chumba changu cha ngoma na karakana yake ya roboti vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na jirani wa ukuta husikia mengi.

Alikuja kufundisha umeme wa majumbani: kufunga swichi, kubadilisha fyuzi, kutoogopa waya lakini kuuheshimu. Roboti zilikuwa bado hazijafika hata kwenye mazungumzo ya walimu. Yeye akaanza kuziunda kwa vilivyokuwepo. Mota alizing'oa kwenye redio za kaseti zilizokufa, betri zilitoka kwenye tochi, na magurudumu yalikuwa vifuniko vya mitungi ya jemu. Roboti ya kwanza ilivuka meza, ikaanguka upande wa pili, na darasa zima likashangilia kana kwamba kuanguka ndiko kulikokusudiwa.

Baadaye wilaya ilituletea masanduku ya kwanza ya vifaa vya kweli, yenye vihisi, yaani vile vidude vinavyoiwezesha roboti kuona, kusikia na kupapasa. Mwalimu Delfina akafunga vihisi vya sauti, ili roboti ikipigiwa makofi ianze mwendo. Hakunionya. Bendi yangu ilipogonga ngoma kubwa ya Kanivali, roboti zote za upande wa pili ziliondoka kwa pamoja zikajimwaga sakafuni. Alitugongea ukuta kwa nguvu. Nilidhani anatupongeza, nikawaambia vijana wakaze. Mpaka leo ananidai samahani, na mpaka leo sijaitoa.

Anayetaka kumjua mwalimu huyu na aangalie mikono yake. Hagusi roboti ya mwanafunzi hata siku moja. Mtoto akikwama, yeye husimama nyuma yake, mikono mgongoni, akauliza swali lile lile: "Umeme umefika wapi?" Umetoka kwenye betri? Umepita swichi? Umeingia kwenye mota? Mtoto anafuata waya kwa kidole, pole pole, mpaka apaone palipokatika. Wapo wazazi walionung'unika kwamba mwalimu mzima analipwa kwa kusimama. Yeye aliwajibu akicheka: "Mimi nimeshajua kutengeneza. Nikigusa nitakuwa najionyesha tu."

Sasa tufike mwaka huu, ambao ndio mwaka wake mkubwa kuliko yote.

Februari, siku chache kabla ya Kanivali, masanduku mapya yalifika: mota zenye nguvu, betri za kuchaji, vihisi vya mwanga, na vingine vyenye macho mawili vinavyopima umbali wa kitu kilicho mbele. Yaliletwa na Mkaguzi Gumersindo Arce wa wilaya, ambaye hakuja na zawadi tupu. Alisema mbele yetu wote: "Mwalimu Delfina, unastaafu Desemba. Karakana inayosimama kwa mtu mmoja, mtu huyo akiondoka inalala. Septemba kuna mashindano ya mkoa. Wewe utakaa jukwaani na watazamaji. Watoto wakimaliza njia wenyewe, masanduku yanabaki. Wasipomaliza, yanaenda shule nyingine." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona Delfina uso ukimshuka, kwa sababu alichokijenga tangu ujana wake kilikuwa kimewekwa mezani, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukishika.

Halafu ikaja Jumanne ya challa. Siku hiyo hakuna kitu kipya Oruro kinachoachwa bila kunyunyiziwa bia, kumwagiwa petali za maua na vikaratasi vya rangi, na kuombewa kwa Pachamama, mama yetu ardhi. Doña Casilda Lazarte, muuza api, kile kinywaji cha moto cha mahindi, na mwenyekiti wa wazazi, alifika na kreti yake ya bia. Mwalimu Delfina akamwomba anyunyize pembeni tu, kwenye pembe nne za chumba. Doña Casilda akashika kiuno. "Mwalimu, lori la mume wangu lilikunywa chupa nzima na halijawahi kuzimika njiani. Hivi vidude vyako ni nani mpaka vinyimwe?" Chumba kikacheka. Na hapo, ndugu wasomaji, mwalimu wetu wa umeme, bingwa wa kuheshimu waya, alifungua vifuniko vya masanduku kwa mikono yake mwenyewe. Sababu ni kwamba kwetu kitu kikipigwa challa kikiwa kimefunikwa ni kama hakijasalimiwa. Nani kati yetu angefanya vingine? Mimi ndiye niliyepiga tarumbeta.

Jumatatu iliyofuata mambo yalikuwa yameenda mrama. Bia ilikuwa imekauka ndani ya mota ikawa gundi. Vile vikaratasi vya rangi vilikuwa vimejipenyeza katikati ya meno ya gia. Kihisi cha umbali, kwa kuwa kilikuwa kimelowa jicho moja, kiliona ukuta kila mahali, hivyo roboti ikawa inasita na kurudi nyuma katikati ya chumba kitupu, mfano wa mtu anayemkwepa mkopeshaji wake. Doña Casilda alilia. Delfina hakulia wala hakufoka. Aliweka mikono mgongoni akawauliza watoto umeme umefika wapi.

Machi yote na Aprili karibu yote zilikwenda hivyo. Watoto walifungua kila mota, wakasugua gia kwa miswaki ya zamani na spiriti ya famasia, wakazifunga tena. Baadhi ya mota zilikataa katakata kuamka na vipuri vyake vikaokoa nyingine. Maribel Condarco, msichana wa darasa la mwisho, alijifunza kuijua mota mbovu kwa kuisikiliza tu sikioni. Sina shaka kwamba hapakuwa na watoto mkoani walioijua mashine yao kwa ndani namna ile, na wote walinuka kama baa.

Septemba tukaenda. Ukumbi wa mashindano ulikuwa na baridi ya kukata masikio asubuhi ile, na jua lilikuwa likipenya madirishani likaweka mistari mikali sakafuni. Roboti ilipaswa kufuata mstari mweusi, isimame mbele ya kisanduku, igeuke, kisha ipande mteremko mkali mpaka juu. Kila timu ilipewa nafasi mbili.

Nafasi ya kwanza ilituumbua. Roboti yetu ilipofika penye jua, kihisi cha mwanga kikapofuka, ikaacha mstari ikaenda zake kwa majaji. Timu ya jirani wakaitania: "Shikeni ng'ombe wenu, anatafuta malisho." Maribel akasema kihisi kinahitaji kivuli, yaani sketi ya kitambaa cheusi kukizunguka. Kitambaa kitoke wapi? Doña Casilda, aliyekuwa anauza api mlangoni, akavua shali yake nyeusi ya Jumapili akampa pamoja na mkasi. "Kata, mwanangu. Vimeshakunywa bia yangu, sasa vivae na nguo yangu." Roboti ikarudi uwanjani imevaa pollera, ile sketi pana ya mikunjo, kama bibi wa sokoni, na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Mimi nilikuwa nimekaa jukwaani pembeni ya Delfina. Tukamwona Yhonny, mwenzake Maribel, akichomoa betri alizokuwa amezificha kifuani chini ya sweta tangu asubuhi, maana betri iliyolala kwenye saruji baridi haina nguvu ya kupanda mlima. Nikampongeza Delfina. Alikuwa ameikazia macho roboti. Katika haraka ya kushona ile sketi, Yhonny alikuwa amechomeka waya wa mota ya kushoto kulia, na wa kulia kushoto. Ikiwekwa chini, roboti ingegeukia kinyume cha mstari, na hapo ndipo yangekwisha yote. Hata mimi wa tarumbeta niliona. "Delfina, waambie," nilisema. "Nyamaza, Ticona." "Kohoa basi. Kohoa tu, watakuangalia." Akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono hakuitoa.

Jaji aliinua bendera. Maribel akainua mkono kuomba subira. Aliinamisha sikio kwenye roboti, akaiwasha ikiwa bado mkononi, akatazama magurudumu. Kisha akamwambia Yhonny kwa sauti tuliyoisikia mpaka juu: "Wewe, umeme wako umefika wapi?" Yhonny akafuata waya kwa kidole, akajishika kichwa, akazibadilisha nyaya.

Ilivuka jua ndani ya pollera yake bila kutikisika. Ilisimama mbele ya kisanduku. Ikageuka. Kwenye mteremko ilipunguza mwendo, ikanguruma, ikapanda, ikafika juu, na pale ambapo roboti nyingine zote zilikuwa zimeishiwa nguvu, yetu ilibaki na nguvu za kuzungusha sketi. Tulikuwa wa kwanza mkoani. Sikuwa na tarumbeta, nikapiga kelele kwa mdomo. Mkaguzi Arce alimwuliza Maribel mwalimu wao amewasaidia nini siku ile, na Maribel akamjibu: "Leo? Leo ametuvumilia." Mkaguzi akacheka, akatangaza pale pale kwamba masanduku hayatoki shuleni kwetu. Mwalimu kijana wa hisabati, Edwin Apaza, ndiye atakayeshika karakana.

Lakini ushindi ambao Mwalimu Delfina mwenyewe anausimulia si huo. Jumatatu baada ya mashindano alichelewa kidogo, akakuta karakana imefunguliwa. Maribel na Yhonny walikuwa wanawafundisha wadogo, betri zilikuwa kwenye chaja, na mtoto mmoja alikuwa anasugua gia. Alisimama mlangoni muda mrefu na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Alikuja chumbani kwangu akaketi juu ya ngoma kubwa, akaniambia, "Ticona, hawakuniona," akacheka mpaka akashindwa kupumua.

Mwalimu Delfina, kwa niaba ya walimu, wazazi na wanafunzi, asante kwa yote uliyotufanyia, na zaidi kwa yote uliyokataa kutufanyia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na kengele. Februari masomo yakianza, karakana itafunguliwa saa mbili kamili bila wewe, na hakuna mtoto atakayekwama akasubiri uje. Hiyo ndiyo zawadi yetu kwako.