Bahasha Kutoka Ng'ambo

Wakusanyaji wa stempu wote waijua sheria hii: ukibandua stempu ya kumbukumbu kwenye bahasha uliyoazimwa, mwenye mali atachagua bahasha yako moja, nawe utampa.

Katika basi, mbele yangu, mkunga mstaafu alikuwa akijitetea kwa rafikiye, mzee aliyemwazima bahasha naye akaibandua stempu yake. "Kaka, utotoni si tulizirowesha stempu zote majini, tukazianika dirishani?"

"Utotoni tulikula na chaki, dada. Muhuri wa posta wa siku ya kwanza ya stempu ile umeukata nusu!"

Sisi abiria tulijifanya viziwi, kwa adabu. Mzee akapekua albamu ya bahasha ya yule mama, akachagua bahasha iliyotoka ng'ambo.

"Hiyo aliniandikia marehemu mume wangu."

"Sheria ni sheria."

Basi likasimama. Mama alilisoma polepole jina lake mwenyewe katika mwandiko ule, kisha akamkabidhi bahasha.