Mzee Nakuja, Aliyerudi Kila Asubuhi

Karatasi hii ya wasifu haikutakiwa kuchapishwa mwaka huu, na wala si mimi niliyetakiwa kuisoma. Kwetu ilieleweka, na tuliitania hata mezani, kwamba mimi mdogo wake, mwenye presha na magoti yanayolia nikipanda ngazi tatu, ndiye nitakayetangulia. Kaka yangu angevaa koti lake la kahawia akasimama hapa. Aliwahi kuniahidi: "Mdogo wangu, yako nitaifanya fupi, watu wasiungue na jua." Leo mambo yamegeuka. Mtuvumilie ndugu na majirani. Ni siku ya tano na bado tunageuka kila mlango ukilia.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Juni 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, fundi viatu, na mama yetu, aliyekuwa mpishi wa shule. Alikuwa kifungua mimba. Tulizaliwa wanne, wawili wakafariki wakiwa wadogo, tukabaki yeye na mimi. Mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja pale mlangoni. Ukitoka, hata kama unakwenda dukani tu, usiseme "nakwenda". Atakurudisha. "Unakwenda wapi? Sema nakuja!" Basi tukakua tukiaga hivyo, tumempa mtu mgongo huku tunamwambia tunakuja. Mimi niliacha nilipoolewa. Kaka hakuacha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kuimaliza 1971, kisha akasoma sekondari tangu 1972 hadi 1975. Hesabu alizijua. Mbio hakuzijua hata kidogo, na hili nalisema kwa sababu wengi mliomfahamu ukubwani hamtaamini. Siku ya michezo alikuwa akiingia wa mwisho, tena kwa mbali, hadi mwalimu wa michezo akamhurumia akampa saa ashike. "Wewe utakuwa unawapimia wenzako," akamwambia, "angalau uwe karibu na mbio." Alishika ile saa miaka minne. Nadhani ndipo alipojifunza kwamba dakika ni kitu cha kuandikwa.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa katika idara ya maji kama msomaji wa mita, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa mpaka alipostaafu mwezi Juni 2017. Alivijua vichochoro vyote na mifuniko yote ya chuma, hata nyumba ambazo mita imefichwa nyuma ya banda la kuku. Alikuwa akiinama, anafuta vumbi kwa kidole, anasoma kwa sauti, anaandika kwenye kitabu chake chembamba chenye jalada gumu: kusoma kwa mwezi uliopita, kusoma kwa mwezi huu, tofauti. Na ni kazi hiyo iliyomfundisha kukimbia. Mwaka 1998, akiwa na miaka arobaini na mmoja na kitambi kinachoanza, aliingia kwenye nyumba moja yenye geti la kijani, akakuta mbwa amefunguliwa. Alitoka pale mbio mpaka ofisini bila kusimama, kilomita mbili na ushee, kitabu mkononi. Wenzake wakamuuliza, "Vipi, umefukuzwa?" Akavuta pumzi, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Dakika kumi na tatu. Si mbaya." Kesho yake alfajiri akakimbia tena, bila mbwa.

Tangu siku ile hakuacha. Kila asubuhi saa kumi na mbili na dakika kumi alikuwa mlangoni, raba zimefungwa mafundo mawili, anapaza sauti kuelekea jikoni: "Nakuja!" Na jikoni shemeji yenu, ambaye kwangu ni wifi, anajibu: "Na mkate usiusahau!" Majirani walizisikia sauti hizo mbili miaka ishirini na sita, ndipo wakampa jina la Mzee Nakuja. Kuna watu humu hawakuwahi kujua jina lake jingine mpaka walipoiona karatasi hii kwenye nguzo.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 1983. Walijuana kwa sababu ya mita. Nyumbani kwa kina wifi mita ilikuwa nyuma ya jiko, na wifi wakati huo alikuwa mshonaji wa sare, cherehani yake ipo karibu na dirisha hilohilo. Mita husomwa mara moja kwa mwezi. Kaka aliisoma mara tatu. Mara ya nne baba mkwe alimsubiri mlangoni, mikono nyuma. "Kijana," akamwambia, "hii mita ina homa? Mbona inapimwa kila siku?" Kaka akainamia kitabu chake. Wifi ndiye aliyejibu kutoka dirishani, kichwa hakuinua: "Baba, mwache amalize kusoma."

Nyumba yao ilikuwa na vituko vyake, na karibu vyote vilikuja kwa miguu. Mkate, kwa mfano. Kaka aliununua akiwa njiani kurudi, akaukimbiza nyumbani chini ya kwapa, basi watoto wake wawili wamekulia mkate bapa. Binti yao alipokwenda kusomea uuguzi na kuona mkate wa kawaida mezani, alipiga simu nyumbani kuuliza umewekwa nini mpaka ukavimba. Siku moja ya mvua aliziweka raba juu ya jiko la gesi zikauke, akaenda kunyoa ndevu. Soli ya kushoto iliyeyuka. Hakuzitupa. Alikimbia nazo wiki mbili, na wifi alipomuuliza kwa nini anachechemea alisema, "Sichechemei. Mguu mmoja unatangulia kidogo." Na kuna ile asubuhi aliyofunga mlango kwa nje kwa mazoea, akaweka ufunguo mfukoni, akaondoka zake kilomita kumi, huku wifi yuko ndani amevaa nguo za kwenda kwenye harusi. Saa nzima na dakika kumi. Aliporudi alimkuta amekaa dirishani na mkoba wake mapajani.

"Umenifungia kama kuku!"

"Nilisema nakuja."

"Ulisema nakuja, hukusema nabaki na ufunguo!"

Walicheka mambo hayo hadi uzee. Mara nyingi alianza kucheka wifi.

Jumapili tarehe 13 Septemba 2015, akiwa na miaka hamsini na nane, marehemu aliingia mashindano ya kilomita ishirini na moja. Asubuhi alimwambia mkewe maneno yaleyale, akajipanga nyuma ya watu elfu moja. Sisi tulisubiri mwisho wa njia. Vijana walifika, wakafuata wazee, kisha wa kutembea, kisha hakuna. Saa tatu za mbio zikatimia. Wafanyakazi wakaanza kukunja kamba ya kumalizia mbio, na mmoja akamsogelea wifi kwa adabu: "Mama, watu wameisha."

"Hawajaisha. Yuko mmoja."

"Mama, barabara inafunguliwa, magari yanapita."

"Amesema anakuja."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliishika sketi yake vizuri, akaikalia ile kamba. Mwanamke wa watu, amevaa viatu vya kanisani, amekaa chini katikati ya barabara juu ya rundo la kamba. Kijana akatazama huku na huku, mwisho akacheka, naye akakaa. Baada ya saa tatu na dakika kumi na tisa kaka yangu alitokea kwenye kona, mwekundu wa macho, anayumba, wa mwisho kabisa kama alivyokuwa shuleni. Wafanyakazi walisimama wakaishika kamba pande mbili ili aivuke. Katika kitabu chake cha mbio aliandika: "Km 21. Saa 3 dk 19. Kamba ilikuwepo." Kwake hizo ndizo mbio bora alizowahi kukimbia, na alikimbia nyingi.

Katika wasifu, hapa ndipo huandikwa ugonjwa. Tumekaa na watoto wake tukatafuta cha kuandika, hatukukipata. Hakuugua. Tarehe 22 Agosti mwaka huu binti yake muuguzi alimpima, na aliyoyakuta yalimfanya anipigie simu kunisimanga: "Shangazi, baba ana presha ya kijana, wewe unangoja nini kutembea?" Jumatatu tarehe 7 Oktoba alikimbia kilomita nane kwa dakika sitini na moja. Kitabu kinasema: "Hali nzuri. Mkate umepona." Hayo ndiyo maandishi yake ya mwisho.

Jioni ya siku hiyo wifi alimwomba jambo. Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha tangu mwezi Machi, na chini yake kumewekwa ndoo ya bluu. Mtu wa idara ya maji, amestaafu kwa heshima, na kwake panadondosha. Wifi akamwambia, "Kesho usikimbie kwanza. Nitengenezee hili bomba." Naye akajibu, "Basi kesho nitakimbilia chini ya sinki."

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, alivaa raba zake kama kawaida, akafunga mafundo mawili, akachukua spana akaingia chini ya sinki. Muuza maziwa wa pale kona anasema alitazama saa yake mara mbili akidhani imesimama. Saa moja kasoro dakika kumi chai ilikuwa mezani. Wifi akamwita kutoka chumba cha mbele: "Mzee, chai tayari." Akasikia vizuri kabisa, sauti yake ileile: "Nakuja." Akamimina vikombe viwili. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Alipokwenda jikoni alimkuta amelala chali, spana mkononi, miguu imenyooka. Ndoo ilikuwa tupu. Bomba lilikuwa kavu, amelitengeneza, na mpaka leo halijadondosha tone. Majirani walimfikisha hospitali, na saa mbili na dakika ishirini daktari akatuambia kwamba mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na kwamba alikuwa amekwishafariki kabla ya kutoka nyumbani.

Tangu Jumanne wifi yangu amesema jambo moja tu, na analirudia. "Mimi ndiye niliyemzuia. Angekwenda mbio zake angekuwa hai." Anawaambia wanaokuja kutoa pole, na usiku anauambia ukuta. Na sisi si viziwi. Tumesikia pia wanaosema hivyo chinichini, pale kwenye viti vya nyuma na pale kwenye foleni ya kunawa mikono, na tunajua kuna wanaongoja kusikia ukoo wa mume utasema nini.

Basi tunasema. Ndugu wa marehemu tulikaa Alhamisi mchana, tukakubaliana maneno haya yachapishwe, yasomwe mbele ya watu wote, mtu ayabebe nyumbani yakiwa yameandikwa. Nilimuuliza daktari swali hilohilo bila kuzunguka: angekimbia, je? Alinijibu hivi: "Mama, mshipa ule ungepasuka popote. Angekuwa amelala, ungepasuka. Angekuwa anakimbia, ungepasuka, pengine mapema zaidi." Saa moja kasoro dakika kumi, siku zote, kaka yangu alikuwa kwenye barabara kuu, upande wa malori. Angeanguka pale kati ya watu baki, hana kitambulisho mfukoni, ana ufunguo na mkate. Tungemtafuta mchana kutwa.

Wifi yangu, sikiliza, maana nimekuja na magoti yangu haya kukuambia hili mbele ya mashahidi. Hukumzuia. Ulimweka nyumbani. Kaka yangu alikuwa jikoni kwake, amevaa raba zake, kazi yake ameimaliza, na sauti ya mwisho aliyoisikia duniani ni yako ukimwita chai. Akakujibu alivyofundishwa na mama yetu. Ukoo huu hauna deni nawe wala neno nawe. Una shukrani. Anayetaka kusema vingine aje kwangu kwanza. Nipo, natembea polepole, ni rahisi kunifikia.

Marehemu ameacha mke mmoja, aliyeishi naye miaka arobaini na miezi kumi. Watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni fundi umeme. Wajukuu watatu, ambao mdogo wao ameanza kutembea mwezi uliopita na tayari anaanguka kwa haraka. Na dada mmoja, ambaye ni mimi. Ameacha vitabu kumi na vinne vya mbio, jozi moja ya raba nzima na nyingine yenye soli iliyoyeyuka ambayo wifi amekataa isitupwe. Ameacha kikombe cha chai kilichomiminwa.

Sheria ya mama tunaishika hata hapa. Hatutasema amekwenda. Apumzike sasa, raba zivuliwe, ameshafika, na safari hii hakuwa wa mwisho. Kaka, huko ulikofika, wakianza kukunja kamba, ikalie.

Tunakuja.