Bwana Twende-Juani na Mlango wa Buluu

Ijumaa hii, tarehe 30, fundi wa rangi wa karakana yetu anastaafu baada ya kutumikia miaka arobaini na mmoja, miezi miwili, na alasiri moja nitakayoieleza hapo chini. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, msimamizi wa zamani, niandike wasifu wake kwa kuwa wengine wote waliomwona akiajiriwa wameshatangulia. Daktari wangu anasema nami sina muda wa kupoteza. Basi nitaandika haraka, na safari hii nitaandika kweli.

Alianza kwa kupiga msasa. Baada ya miaka mitano, hakuna gari la zamani lililopulizwa rangi hapa bila yeye kuulizwa. Magari hayo ni kama sisi wazee: bega moja limepaushwa na jua, jingine na mvua, na rangi iliyoandikwa kitabuni haifanani na lolote kati ya hayo mawili. Yeye alifunua zulia, akachungulia nyuma ya taa, mahali ambapo jua halijawahi kufika, kisha akamuuliza mwenye gari, "Unalitaka lilivyozaliwa au lilivyozeeka?" Wengi walijibu, lilivyozaliwa. Nami ningejibu hivyo kama angeniuliza kuhusu magoti yangu.

Kila rangi iliyochanganywa aliipuliza kwanza kwenye kadi, akasubiri ikauke, halafu akaitoa nje taratibu kama anayemtembeza mgonjwa. "Twende juani" ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyompa jina. Wenzake walimtania kwamba hata siku ya harusi yake alimtoa bibi harusi nje kwanza amwone vizuri. Mkewe, tutakayekuwa naye Ijumaa, hajawahi kukanusha.

Sasa ile alasiri. Miaka ishirini na miwili iliyopita mimi nilikuwa mkuu wa chumba cha kuchanganyia rangi. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alituletea gari la marehemu mumewe, buluu ya kijivu, lililogongwa mlango mmoja. Nilichanganya rangi, ikapulizwa kwenye kadi, nikailinganisha na gari chini ya taa za dari. Zilifanana kama pacha. Fundi akasema twende juani. Chai yangu ilikuwa imeshamiminwa.

"Rangi ni rangi tu, ndugu yangu," nikamwambia. "Wewe puliza."

Nyuma ya kadi niliandika "Sawa kabisa", nikatia sahihi. Yeye akapuliza mikono mitatu ya rangi, mmoja juu ya mwingine, laini kama maji yaliyotulia.

Asubuhi gari likatolewa nje. Juani, mlango ulikuwa zambarau. Mwalimu alilizunguka gari mara mbili, kisha akauliza kwa upole wa kutisha, "Huu mlango mmeuazima kwa jirani?"

Meneja alitaka jina la mkosaji. Nilimpa la fundi. Niliandika ripoti nzuri sana, ya aya nne, kwamba alizimua rangi kupita kiasi. Akapewa barua ya onyo, na ule usimamizi wa karakana aliokuwa ameahidiwa ukaenda kwa mtu makini zaidi. Nilikuwa makini kwa miaka kumi na miwili, hadi nilipoagwa kwa saa ya ukutani na wasifu ulioyasifu macho yangu.

Hakubishana. Jumamosi iliyofuata alirudi peke yake, akaukwangua mlango, akachanganya rangi upya na kuitembeza kadi juani mara kumi na nne. Kadi yangu aliibandika ukutani juu ya meza yake ya kazi: rangi ikitutazama, sahihi ikitazama ukuta. Nilipita mbele yake kila siku ya usimamizi wangu. Hakuigeuza hata mara moja.

Wiki iliyopita alikuja kunijulia hali, nikamwambia nitayaandika haya. Alinisogezea kikombe, akasema, "Mzee, chai yako inapoa."

Cheti atakachokabidhiwa Ijumaa kimeandikwa "Fundi wa Rangi", na ile barua ya onyo ingali kwenye jalada lake. Naiomba menejimenti iichane barua na kukiandika cheti upya: "Fundi Mkuu". Anayetaka ushahidi aigeuze kadi. Sahihi ni yangu.

Mwalimu naye ameahidi kulituma lile gari lije limrudishe fundi nyumbani. Litaegeshwa uani, juani, nami nitaketi kando yake. Atakayeutambua mlango uliorudiwa kwa kutazama rangi, aje anioneshe. Mimi nimejaribu miaka ishirini na miwili nikashindwa, na mlango wenyewe ninaujua.

Asante, Fundi. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi kuliko zangu, na zote ziwe za jua.