Misumari ya Mama Tochi

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwinda nyaya zilizokatika, fundi umeme wetu Mama Tochi anastaafu. Jina hilo alilipata kwa ile tochi anayoibana kwa meno akiwa amejikunja chini ya dashibodi. Hata mumewe akipiga simu ofisini humwulizia Mama Tochi.

Aliingia karakana hii kama msafisha betri, akapanda hadi mkuu wa kitengo. Yalipoanza kuja magari yenye kidhibiti mwendo, ule mfumo unaolishikia gari kasi huku dereva amepumzisha mguu, wengi wetu tuliyakwepa. Yeye, kabla ya kugusa kompyuta, alimtuma mtu nyuma ya gari atazame taa za breki, maana swichi ya breki inayoziwasha ndiyo pia huuamuru mfumo uachie. Tulimtania kwamba anatafuta jino kisogoni. Mara nyingi jino lilikuwa hukohuko.

Kisa cha mkunga mmoja, mteja wetu, ndicho hatukitanii. Kidhibiti mwendo cha gari lake kilikuwa kinaachia ovyo. Mama Tochi aliiruka swichi ya breki kwa kipande cha waya, umeme upite bila kuifikia, ili kuijaribu, akagundua ndiyo mbovu, akafunga mpya. Mara akaitwa kwenye gari jingine. Huku nyuma mkunga akakabidhiwa ufunguo, akaondoka na wanawe safari ya mbali. Jioni Mama Tochi akajipapasa mfukoni, waya haumo. Ulikuwa umebaki garini, na kwa hiyo mkunga angewasha kidhibiti kisha akanyage breki, mfumo usingeachia. Injini ingeendelea kulisukuma gari.

Simu haikupokewa. Meneja alishika usukani wa pikapu, Mama Tochi kando yake, mimi nyuma. Kwa kila gari lililosimama kando ya barabara tulipunguza mwendo tuone kama ni lake. Kila kona Mama Tochi alikanyaga breki ambayo upande wake haikuwepo.

Tulimkuta mkunga kituo cha mafuta, akiwanunulia watoto maji. Kidhibiti alikuwa bado hajakiwasha, alikuwa anangoja barabara inyooke. Mama Tochi aliuchomoa waya, akamweleza yote bila kuficha, akaomba radhi mpaka mkunga akaishika mikono yake.

Kesho yake alipigilia misumari ukutani, kila waya wa kujaribia na msumari wake. Tangu hapo hakuna ufunguo unaotoka, wala fundi anayekwenda nyumbani, kabla Mama Tochi hajaukagua ukuta ule na kututangazia kwamba misumari imejaa.

Sasa tutabaki na ukuta peke yetu, na sifichi kwamba naogopa. Wiki hii nimeota msumari mtupu zaidi ya mara moja. Mama Tochi, tulitaka kukupa waya mmoja uwe ukumbusho, tukaghairi: msumari wake ungebaki wazi, na nani angelala? Basi pokea tochi mpya, pamoja na shukrani zetu sote. Afya njema, mama, na usingizi mzito, wewe na mzee na wajukuu. Ijumaa jioni tutaukagua ukuta sisi wenyewe, kisha tutakwambia ulichotuambia miaka yote: nenda nyumbani, misumari imejaa.