Bi Thuwaiba Amour na Vioo Viwili Vilivyofanana

Marehemu Bi Thuwaiba Amour Ubwa alizaliwa Kizimkazi Mkunguni tarehe 3 Machi 1974, mtoto wa tatu wa Mzee Amour Ubwa na Bi Time Silima. Alisoma chuo cha Kurani na skuli hapa hapa kijijini, kisha mjini, na mwaka 1997 akapata stashahada ya maabara Dar es Salaam.

Alifanya kazi mjini miaka ishirini na sita, katika maabara ya kuchunguza uvimbe. Nyama iliyotolewa kwa mgonjwa aliigandisha ndani ya nta, akaikata nyembamba kuliko karatasi, akaitia rangi na kuilaza juu ya kioo ili daktari aitazame kwa darubini. Hakuwahi kuchanganya jina la mgonjwa. Lakini mbele ya kaburi hatusemi uongo: alikuwa na wivu, na wivu wake wote aliuelekeza kwa mwenzake wa meza ya pili, Bi Zarina. Zarina alipopelekwa masomoni India mwaka 2008, Thuwaiba alimuaga kwa kichwa tu.

Tarehe 20 Agosti 1999 aliolewa na Bwana Kheir Muhammad, wakahamia Mwanakwerekwe na kujaaliwa watoto watatu. Bwana Kheir akitania kwamba ameoa mke mmoja, lakini kila jioni anasikiliza habari za wawili.

Mwaka 2022 Zarina aligundulika kuwa na saratani ya titi. Miezi saba baadaye, Thuwaiba naye. Daktari alikuwa mmoja, dawa ile ile. Zarina alipona. Ya Thuwaiba ilirudi, ikaingia kwenye ini. Aliviomba vioo viwili vyenye nyama zao, akavitazama asubuhi nzima, asione tofauti.

"Daktari, havikubadilishwa hivi?"

"Havikubadilishwa, Bi Thuwaiba. Kwa darubini ni pacha. Ndani, kwenye vinasaba, kila uvimbe umeharibika kwa njia yake. Na hata ndani ya uvimbe wako seli hazifanani. Dawa imeua hizi, imeziacha zile."

"Kwa nini zibakie za kwangu?"

"Hapo ndipo tulipokwama. Tunaona mengi yaliyoharibika. Lipi kati ya hayo linaloendesha ugonjwa, hatujui."

Daktari aliomba ridhaa yao, ili watafiti wazilinganishe nyama zote mbili. Zarina alitia sahihi siku hiyo hiyo. Thuwaiba alikataa.

"Yeye kapona, na mimi nimpe na mwili wangu?" alimwambia mumewe. "Nshampa mengi."

Lilikuwa kosa, na mwenyewe alilijua. Karatasi ilikaa chini ya mto miezi mitano, mpaka binti yake Mwamvua alipomuuliza, "Mama, ikinifika mimi, itakuwa kama ya Bi Zarina au kama ya kwako?"

Thuwaiba aliitoa karatasi chini ya mto. Kisha akaomba kalamu.

"Nnatia kwa ajili yako," alisema. "Yeye bado namuonea wivu."

Alifariki nyumbani kwake Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025. Majibu ya watafiti hayajaja.

Ameacha mume, watoto watatu na ndugu wanne. Jina moja aliagiza mwenyewe: "Na Zarina muandikeni. Ila awe wa mwisho."

Ameacha na Bi Zarina.

Mola amsamehe wivu wake, aipokee sahihi yake, na ampe utulivu alikolala.